Mama amenyamaza tangu ahamie Kampala: je, ngoma na ususi vitamsaidia?

*"Assalamu alaikum, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 74. Baba alifariki mwaka juzi huko Bombo, na eda ilipokwisha mimi na kaka yangu tuliona haifai abaki peke yake katika nyumba ile, tukamleta kwangu Kawempe, Kampala. Sisi ni Wanubi. Zamani mama alikuwa msusi wa mifuniko ya chakula, ile ya rangi, na katika arusi za kwetu yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuanzisha nyimbo za doluka. Siku hizi anakaa mbele ya runinga tangu asubuhi hadi jioni. Anakula kidogo, usiku halali vizuri, ukimwuliza jambo anajibu jingine au hajibu kabisa, na watoto wangu wanasema jjajja (bibi yao) amekuwa mkali. Kliniki ya mtaani walimpima presha na sukari, wakasema yuko sawa kwa umri wake, aendelee na dawa zake za presha. Nilisikia kwamba shughuli za utamaduni huwafaa wazee, nikampeleka kwenye onyesho la ngoma mjini usiku mmoja. Alikaa kama saa moja, kisha akaniomba turudi. Kaka yangu anasema ninapoteza pesa, kwamba mzee anachohitaji ni kupumzika, na tena si heshima mjane kuonekana ngomani. Je, mambo haya yanasaidia kweli au ni ya Wazungu tu? Na kama yanasaidia, nianzie wapi?"*

Wa alaikumu salamu, dada yangu. Pole kwa kuondokewa na mzee wetu, na hongera kwa kumtazama mama yako kwa karibu kiasi cha kutambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Familia nyingi hazitambui mpaka mambo yameharibika. Katika barua yako naona maswali mawili yaliyofungwa katika fundo moja. La kwanza ni kama ukimya wa mama ni uzee, ni huzuni au ni maradhi. La pili ni kama nyimbo, ususi na mikusanyiko ya kwenu vina uwezo wowote wa kumrudishia uchangamfu. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukilikosea hilo, hata shughuli nzuri kuliko zote itaonekana haifai.

Maneno yaliyonisumbua zaidi katika barua yako ni yale ya kliniki, kwamba mama yuko sawa kwa umri wake. Umri hupunguza kasi ya miguu na humfanya mtu atafute jina la jirani kwa muda kabla ya kulipata. Umri peke yake haumwondolei mtu hamu ya chakula, haumfanyi awe mkali kwa wajukuu aliowapenda, wala haumfungi mdomo. Mambo hayo yakitokea pamoja, na yakadumu kwa majuma, yana sababu, na sababu nyingi kati ya hizo zinatibika. Kupima presha na sukari ni jambo jema, lakini vipimo hivyo viwili havijibu swali lako hata kidogo.

Chukua hili la kuulizwa jambo na kujibu jingine. Huenda umelisoma kama kuchanganyikiwa, na huenda ni hivyo, lakini mtu ambaye masikio yake yamepungua hufanya vivyo hivyo: hukamata nusu ya swali, hujaza nusu nyingine kwa kukisia, na akishaona watu wanatazamana huamua kwamba kunyamaza ni salama zaidi. Watoto husema jjajja amekuwa mkali kwa sababu yeye hupaza sauti bila kujua, na wao humwogopa, na mazungumzo huzidi kupungua. Jaribu jambo dogo leo. Zima runinga, simama nyuma yake hatua chache mahali asipoweza kuona midomo yako, kisha mwambie kwa sauti ya kawaida jambo linalomhusu, kwa Kinubi. Asipogeuka, usiongee tena juu ya akili yake mpaka daktari awe ametazama masikio hayo. Mara nyingine tatizo lote ni nta iliyoziba, na huondolewa kwa dakika chache. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kupungua kwa kusikia, kupungua kwa kuona, sonona (yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa) na kukaa mbali na watu yote yamo katika orodha hiyo. Mama yako anaweza kuwa na manne hayo kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja lililopimwa.

Sonona ya mzee nayo ina sura yake. Kijana mwenye sonona huweza kukwambia kwamba ana huzuni. Mama wa miaka 74 aliyelelewa kuvumilia atakwambia kwamba mwili hauna nguvu, kwamba kifua kinambana, kwamba chakula hakina ladha, kwamba anaamka saa tisa usiku na hapati tena usingizi. Ukimwuliza kama ana huzuni atajibu "Alhamdulillah", na jibu hilo ni la adabu, si la kitabibu. Kufiwa na mume wa miaka mingi huleta majonzi ya haki, na majonzi hayana tarehe ya mwisho; lakini majonzi huja na kwenda kama wimbi, na katikati yake mtu huweza kucheka akikumbuka kituko cha marehemu. Pale ambapo hakuna kinachomgusa tena, wala kizuri wala kibaya, hapo tunazungumzia ugonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya ngoma na ususi, mrudishe hospitali, safari hii ukiwa na maombi yanayoeleweka. Omba masikio na macho yatazamwe, maana mtoto wa jicho ni jambo la kawaida katika umri huo. Omba damu ipimwe kama imepungua na, inapowezekana, tezi la shingoni pia. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba, uziweke mezani mbele ya daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa huleta ulegevu na giza la mawazo. Kisha omba aulizwe maswali ya sonona na ya kumbukumbu, kwa lugha anayoiweza vizuri. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ni ya taifa zima. Najua jina la Butabika linavyowatisha watu wetu, kana kwamba anayepita lango lile hatoki tena akiitwa mtu mwenye akili timamu. Wagonjwa wengi huonwa pale asubuhi na kurudi makwao siku hiyohiyo.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Akichanganyikiwa ghafla, yaani jana alikuwa mwenyewe na leo hajui yuko wapi, mpeleke siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa. Vivyo hivyo akipooza upande au mdomo ukipinda, akikataa kula na kunywa, akianguka na kugonga kichwa, au akisema kwamba anataka kumfuata baba yenu. Kauli hiyo ya mwisho msiichukulie kama maneno ya wazee. Muulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani.

Sasa nije kwenye utamaduni. Kaka yako anasema mzee anahitaji kupumzika, na hili ni kosa linalofanywa kwa mapenzi matupu. Tazama mama yako alipoteza nini. Kifo kilimpokonya mume. Kuhama kulimpokonya kitu cha pili ambacho hamkukihesabu, nacho ni nafasi yake kati ya watu. Huko Bombo alikuwa mtu anayetafutwa: arusi ikikaribia, walikuja kumwuliza nani aanze na wimbo gani, na msichana aliyekosea rangi za mfuniko alirudishwa kwake arekebishwe. Kawempe ni mgeni anayeletewa chai. Sufuria mmemwondolea ili asijiunguze, ufagio ili asichoke, sokoni hatumwi ili asigongwe na boda, na mwishowe kazi aliyobakiwa nayo ni kutazama runinga inayozungumza lugha za watu wengine. Mwili unaopumzika bila kuchoka hulegea misuli, hupoteza usingizi wa usiku kwa sababu umesinzia mchana kutwa, na akili isiyoulizwa kitu huacha kujiandaa kujibu.

Upweke wenyewe huumiza mwili, si moyo tu. Mtu anayejiona hana wake hukaa katika hali ya tahadhari. Homoni za msongo hubaki juu, presha hupanda, usingizi huwa mwepesi. Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyochunguza mahusiano ya watu ilisema katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na ikakadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Tena mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu saba, ikiwa hakuna kati yao anayejua alivyokuwa zamani.

Nyimbo na kazi za mikono huingia hapa kwa njia tatu au nne zinazofanya kazi pamoja. Mambo tuliyojifunza kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi hukaa katika kumbukumbu kwa nguvu kuliko yale ya kabla na ya baada, na nyimbo ni za mwisho kufutika; mtu asiyekumbuka alikula nini asubuhi anaweza kuimba beti zote za wimbo wa arusi yake. Ustadi wa mikono nao huhifadhiwa tofauti na kumbukumbu za habari za jana, ndiyo maana vidole vinaweza kujua njia wakati ulimi umekwama. Kuimba pamoja huongeza pumzi na kuwafanya watu wapumue kwa mwendo mmoja. Kucheza, hata ukiwa umeketi, hutumia misuli na mizani ya mwili. Kutoka nje asubuhi huupa mwili mwanga unaoupangia usingizi wa usiku. Lakini lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba shughuli ya kwao humrudishia mzee kazi ambayo yeye anaijua kuliko wote waliomzunguka.

Wasoga wana mfano mzuri wa hilo. Muziki wao wa bigwala hupigwa kwa tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, zenye ukubwa tofauti, na kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo hupatikana pale tu wapigaji wote wapo na kila mmoja anaijua zamu yake. UNESCO ilipouingiza muziki huo mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mafundi wazee waliokuwa wanaujua kikamilifu, yaani kutengeneza vyombo, kupiga na kucheza, walikuwa wanne tu. Ghafla wazee ambao huenda nyumbani kwao walionekana wamemaliza kazi ya dunia walikuwa watu wa lazima, kwa kuwa bila wao vijana hawangekuwa na wa kuwafundisha. Bombo haiko mbali na hali hiyo. Jiulize ni wasichana wangapi wa ukoo wenu wanaoweza kusuka mfuniko tangu katikati hadi ukingoni, au kuanzisha wimbo wa doluka bila kusubiri simu iwaimbie.

Uliuliza kama haya ni ya Wazungu. Utafiti mwingi ni wao, kweli, kwa sababu wana fedha za kuwafuatilia watu kwa miaka mingi. Mmoja uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata watu zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa muda wa miaka kumi. Waliokuwa wakienda makumbusho, maonyesho, muziki au michezo ya kuigiza kila baada ya miezi michache walipata sonona kwa asilimia 32 chini ya wasiokwenda kabisa, na waliokwenda kila mwezi au zaidi kwa asilimia 48 chini. Tarakimu hizi zinavutia, lakini zisome kwa tahadhari. Mtu mwenye afya, fedha na usafiri ndiye anayeweza kutoka, na mwenye sonona inayoanza ndiye anayebaki nyumbani. Watafiti walijaribu kuondoa tofauti hizo katika hesabu zao, ila hakuna hesabu inayoziondoa zote. Tena utafiti huo unahusu kukinga zaidi kuliko kuponya. Sitakuahidi, basi, kwamba wimbo utaiondoa sonona iliyokwisha kukaa. Ninachokuambia ni kwamba shughuli ya namna hii ni msaada wa kweli pamoja na matibabu, gharama yake ni ndogo, na madhara yake ni machache ukiipanga vizuri. Nchini Uingereza daktari anaweza kumwelekeza mzee kwa mfanyakazi maalumu ambaye kazi yake ni kumwunganisha na kwaya au kikundi cha ufundi. Sisi hatuna mtu huyo. Kwa mama yako, mtu huyo ni wewe.

Sasa usikate tamaa kwa sababu ya lile onyesho la ngoma. Fikiria alivyolipokea yeye. Ilikuwa usiku, saa ambayo macho yake hayaoni ngazi vizuri. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa, na sikio lililopungua halisikii muziki hapo, linasikia kelele inayouma. Nyimbo huenda hazikuwa za kwao. Na mtu aliyezoea kuanzisha wimbo aliketishwa kwenye kiti cha plastiki kuwatazama vijana wakiwachezea wageni. Mimi pia ningeomba turudi.

Anza na kitu kidogo, ndani ya nyumba, na uanze na ususi. Usimuulize kama anataka kusuka, kwa sababu mtu mwenye sonona hana kitu anachokitaka, na jibu litakuwa hapana. Muombe akusaidie, na liwe ombi la kweli, maana wazee huijua kazi ya kubuni mara moja. Mwambie kwamba binti yako anataka kujifunza, na kwamba wewe hukumbuki mwanzo wake. Mwanzo ndio mgumu: lile fungu la nyuzi linapaswa kukunjwa katika duara dogo kuliko yote, na sindano ichome duara la kwanza kabla halijakaza, na asiyejua huishia na tundu katikati au na mfuniko uliopinda. Mwache yeye achague nyuzi na rangi sokoni, hata kama itawachukua asubuhi nzima na hata kama atamgombeza muuzaji. Ukimnunulia wewe, umemfanya mwanafunzi wako.

Hapa uwe mwangalifu na jambo moja. Akishika kazi kisha akaiweka chini, usikimbilie kusema hana hamu. Tazama kama anaweza kuutia uzi kwenye tundu la sindano. Wengi huacha ufundi walioupenda kwa sababu ya macho, na kwa kuwa wanaona aibu kusema hivyo, husema wamechoka. Miwani ya kusomea, kiti kilicho karibu na dirisha na sindano yenye tundu pana vinaweza kumrudishia mtu ufundi wa maisha yake.

Hatua ya pili ni Bombo. Kutoka Kawempe ni barabara moja tu, na takisi hazikosekani. Msimpeleke kwa sherehe kubwa mwanzoni. Mpeleke asubuhi ya siku ya kawaida, kwa shoga wake mmoja au wawili, wakae, wasimuliane kwa Kinubi, kisha arudi kabla hajachoka. Mkubaliane siku maalumu, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, maana siku inayojulikana humpa mtu kitu cha kukisubiri, na kusubiri ni sehemu ya dawa. Kati ya safari hizo, simu ya sauti kwa shoga huyo kila juma inafaa kuliko runinga ya mwezi mzima. Yakija maandalizi ya arusi ya ukoo, mwombeni awafundishe wasichana mapema, nyumbani, bila vipaza sauti.

Juu ya heshima ya mjane, kaka yako ana wasiwasi ambao siudharau. Eda ni miezi minne na siku kumi, na kwa mama yenu imekwisha zamani. Lakini nimeona wajane ambao hukumu ilikwisha na desturi ikabaki, wakaendelea kujifungia miaka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa uwazi kwamba wanaweza kutoka. Kuhusu muziki wenyewe masheikh wana maoni tofauti, na mimi si mufti. Muulizeni sheikh ambaye mama anamwamini, na kabla ya sheikh mumuulize mama. Wako wanawake ambao walicheza sana ujanani na kwa hiari yao wameiacha ngoma uzeeni. Akisema hivyo, huo ni uchaguzi, si dalili ya ugonjwa, na msimsukume. Maulidi ya akina mama, kasida, darsa za msikitini na mapishi ya Idi ni utamaduni pia, na ndani ya hayo yote ana mengi ya kufundisha. Mnacholinda ni nafasi yake kati ya watu. Ngoma ni njia moja tu ya kumrudisha hapo.

Njia nyingine nazipitia kwa ufupi. Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kira Road lina mkusanyiko mzuri wa ala za muziki za makabila yetu, ni mahali patulivu mchana, na pana mabenchi. Nenda naye pamoja na wajukuu, umwache yeye awaeleze watoto, hata akikosea. Vikundi vya nigiina, yaani vile vya akina mama mtaani vya kuchangiana na kutuzana, vina uchangamfu mwingi, ila michango yake huweza kumwelemea mzee asiye na kipato, basi uulize kwanza. Tangu sheria ya mwaka 2013, wazee wana mabaraza yao kuanzia ngazi ya kijiji. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, anaweza kukuonyesha anayewawakilisha wazee hapo kwenu, na huyo mara nyingi anajua wazee wengine wanaokaa peke yao nyumba tatu kutoka kwako. Ile ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi hutolewa kwa wenye miaka 80 na zaidi, kwa hiyo msiipangie bado. Wasomaji wengine wa ukurasa huu watapata vya kwao: mzee wa Kiganda ambaye hataki nyimbo huenda akakaa saa nzima kwenye ubao wa omweso, bao la Kiganda, na kuwashinda vijana wote, na mama wa Kitooro aliyehamia mjini huchangamka anapoamkiwa kwa empaako yake, yaani jina lake la heshima na mapenzi, jambo ambalo majirani hawalifanyi kwa kuwa hawalijui.

Kuna mambo madogo yanayoharibu safari nzuri, na mara nyingi hayatajwi kwa sababu ya haya. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na mama anayeogopa kujiaibisha ndani ya takisi atasema hajisikii kwenda. Muulize daktari kama inafaa dawa hiyo inywewe akisharudi, wala msiisimamishe wenyewe. Tafuta mapema choo atakachotumia, kwa sababu magoti mengi ya umri huo hayawezi tena kuchuchumaa. Kiti kiwe na egemeo. Viatu visiwe vya kuteleza. Asipande boda akiwa amekaa upande na gauni refu, hata akisema amezoea.

Mpe muda wa majuma sita hadi manane kabla hujahukumu, na usitafute kicheko. Tafuta dalili ndogo: amemaliza sahani, ameuliza lini tunakwenda tena, amemkosoa mjukuu juu ya rangi. Kama baada ya muda huo hakuna hata moja, au kama anazidi kukonda, rudini hospitali. Sonona iliyozama huhitaji mazungumzo na mshauri, na wakati mwingine dawa, na wimbo peke yake hauwezi kumtoa mtu ndani yake. Ikiwa daktari atagundua ugonjwa wa kusahau, msiache nyimbo wala ususi, ila mpunguze ukubwa: watu wawili badala ya kumi, wimbo badala ya arusi, kukunja nyuzi badala ya mfuniko mzima, na msimfanyie mitihani ya "unanikumbuka mimi nani".

Kaka yako anauliza juu ya pesa. Mwandikie hesabu: nauli ya watu wawili kwenda Bombo mara moja kwa mwezi, nyuzi, miwani, na mfuniko mmoja ukikamilika unauzika. Kinachogharimu zaidi ni muda, na huo unaweza kugawanywa. Yeye achukue safari za Bombo na wewe uchukue hospitali.

Liko swali moja ambalo hukuliuliza, na nadhani mnaliogopa wote wawili, nalo ni kama mama angekuwa na afya zaidi akirudi kuishi Bombo. Sina jibu la kukupa kutoka mbali. Mlimleta kwa nia njema, na upweke wa nyumba iliyofiwa ni hatari ya kweli. Lakini kama safari hizi zitaonyesha kwamba anachangamka akiwa Bombo na kunyamaza akiwa Kawempe, basi kaeni kikao kama familia na mlipime jambo hilo: nani atalala naye nyumbani, jirani gani ana ufunguo, dawa zitachukuliwa wapi, simu itapigwa saa ngapi, na atakuja kwenu lini. Kikao hicho kiitisheni baada ya matokeo ya hospitali kujulikana, si kabla, na yeye mwenyewe aketi humo, masikio yakiwa yameshatazamwa.